MWENYE NYUMBA YA WAGENI
Huduma ya kutibu vijijini ni haki, si hisani ya mgeni

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wawakilishi wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, Tinde)



Wapendwa ndugu zangu katika Kristo, nimeombwa nizungumze nanyi juu ya wamisionari walioacha makwao wakaja kuendesha zahanati katika vijiji vyetu. Aliyenialika alitazamia, nadhani, hotuba ya shukrani. Shukrani nitazitoa, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hashukuru. Lakini kikao hiki ni cha Tume ya Haki na Amani, kwa hiyo baada ya kushukuru yatupasa tuulizane jambo lililo gumu zaidi: wale waliokuja kututibu walipoondoka, sisi tulifanya nini na wagonjwa waliotuachia?

Nianzie hapa hapa tulipo. Tinde ni njia panda. Msafiri atokaye Nzega akifika hapa huchagua: kulia aelekee Shinyanga na Mwanza, kushoto aelekee Isaka na Kahama, hadi Rwanda na Burundi. Kwa sababu hiyo nyumba za wageni ni nyingi hapa, na baadhi yenu mnaishi kwa kazi hiyo. Mnamjua mgeni anayegonga usiku wa manane, amechoka, pengine anaumwa. Basi ninyi kuliko Wakristo wengine mnaweza kuuelewa mfano wa Msamaria Mwema, tunaousoma katika Injili ya Luka, sura ya 10.

Kila tunapousoma mfano huo tunahimizwa tuwe kama Msamaria. Ni vema. Lakini yuko mtu mwingine katika mfano ule ambaye mahubiri humpita haraka, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alikuwa mgeni, yuko safarini. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamleta kwenye nyumba ya wageni, akamtunza usiku mmoja. Kesho yake akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi, akaenda zake. Je, siku ya tatu ni nani aliyebadili vitambaa vya vidonda? Ni nani aliyempa maji usiku? Ni yule mwenyeji. Na Injili haituambii kama aliifanya kazi ile vizuri au vibaya. Nafasi hiyo imeachwa wazi, nami naamini imeachwa kwa ajili yetu.

1. TUONE: WALIOTOKA MBALI

Tusidhani kwamba jambo la mtawa kuwa mganga lilikuwa rahisi tangu mwanzo. Kwa muda mrefu sheria za Kanisa ziliwazuia watawa kufanya kazi ya udaktari, na hasa ya ukunga. Mwanamke mmoja wa Austria, Anna Dengel, aliyesomea udaktari nchini Ireland, alifanya kazi Rawalpindi, katika nchi ambayo leo ni Pakistani. Huko aliona akina mama wakifa majumbani kwa sababu desturi haikuwaruhusu kutibiwa na daktari mwanamume. Mwaka 1925 akaanzisha shirika la masista waganga. Ilipofika tarehe 11 Februari 1936 Roma ilitoa maelekezo mapya yaliyowaruhusu watawa wanawake kusomea udaktari na ukunga na kuzifanya kazi hizo. Mwaka uliofuata Mary Martin wa Ireland akaanzisha shirika la Wamisionari Waganga wa Maria, ambao baadaye walikuja kutibu Makiungu, Singida, na Dareda, katika nchi ya Wairaqw.

Lakini kabla ya masista hao alikuwako mganga mwingine, naye ni Mwafrika. Jina lake ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu, wakati wa utumwa. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa, na Kardinali Lavigerie akampeleka kisiwa cha Malta akajifunze utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hakuwa na ndugu wala lugha katika nchi ile. Akajifunza lugha, akaoa huko huko, mwanawe Joseph akapewa upadre mwaka 1923, na yeye mwenyewe akaendelea kutibu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni: ni miaka sitini na saba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Atiman hakungoja kupewa. Alilishika jembe mwenyewe na hakuliweka chini.

Tukija kwetu, jimbo letu lilipopewa jina la Shinyanga mwaka 1956, Askofu wake wa kwanza alikuwa Edward McGurkin, mmisionari wa Maryknoll kutoka Marekani. Bugisi, jirani zetu, wamewajua masista wa Mama Yetu wa Mitume waliotoka Ireland. Ng'ambo ya pili, hospitali ya Sengerema ilianzishwa na wamisionari wa Uholanzi mwaka 1959. Wala tusiwasahau ndugu zetu wa African Inland, ambao Kolandoto yao imewatibu Wakatoliki wengi bila kuwauliza dhehebu.

Maisha yao yalikuwaje? Nitawaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, kwa kuwa nilizaliwa mlangoni pa zahanati ya misheni, na mama yangu aliwahi kupima watoto pale akiwa msaidizi. Kabla ya jua kuchomoza sista alikuwa amekwisha kuchemsha mabomba ya sindano na kutazama utambi wa jokofu la mafuta ya taa, kwa maana utambi ukizimika usiku chanjo zote huharibika. Kisha Landrover ilipakiwa: sanduku la barafu lenye chanjo, mizani, kadi za watoto, dawa ya minyoo. Huko kijijini mizani ilifungwa kwenye tawi la mwembe, na watoto wakaning'inizwa mmoja mmoja huku wakilia. Masika, udongo mweusi wa mbugani ulilishika gari, na mara nyingi waliolikwamua ni ng'ombe. Jioni alirudi na kumkuta mama mwenye uchungu wa siku mbili akimngoja barazani. Usiku, watu walipolala, aliandika barua kwao akiomba dawa na fedha.

Alijifunza Kisukuma mpaka akaweza kutania. Watu walimwita "mayu", yaani mama. Wazazi wake walikufa Ulaya, naye akapata habari baada ya mazishi.

Hizo ndizo shukrani zangu, nazo natoa kwa moyo wote. Lakini tumheshimu pia kwa kusema kweli. Aliamua mambo mengi peke yake, nasi tukamwachia, kwa sababu ilikuwa raha kuachia.

2. KISA AMBACHO SIPENDI KUKISIMULIA

Miaka kadhaa iliyopita nilihudumu katika parokia nyingine, ambayo sitaitaja. Palikuwa na sista muuguzi na mkunga kutoka Ulaya, wa namna hii niliyoieleza, aliyekaa zaidi ya miaka ishirini. Shirika lake lilizeeka. Vijana huko kwao hawaingii tena utawani, na yeye mwenyewe magoti yalimshinda. Tukamwaga kwa ngoma, mbuzi na kitenge. Zahanati ikakabidhiwa kwa kamati ya parokia, na mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi.

Katika dawati lake tulikuta daftari lenye jalada jeusi. Ndani yake mlikuwa na majina ya wadaiwa, kijiji kwa kijiji, mwaka kwa mwaka. Kila mwisho wa mwaka majina yote yalipigwa mstari. Tulidhani watu walikuwa wamelipa. Baadaye ndipo tukafahamu kwamba aliwaandikia rafiki zake huko kwao, nao wakalipa, naye akafuta. Hakutuambia. Pengine hakutaka kuwaaibisha maskini. Lakini kwa kutokutuambia alitufanya tuamini kwamba zahanati ilijiendesha yenyewe.

Miezi sita haikupita, dawa zikaisha na mishahara ikachelewa. Kamati ikakaa. Tukapitisha kanuni kwamba mwenye deni asihudumiwe hadi alipe, isipokuwa kwa kibali cha mwenyekiti. Ilionekana kuwa ni busara. Niliitia saini, ikabandikwa mlangoni.

Januari iliyofuata, wakati wa palizi, ghala zikiwa tupu na malaria imepamba moto, mama mmoja alikuwa na mtoto wa miaka miwili mwenye homa. Mama yule alikuwa na deni la kujifungua. Deni lenyewe halikufikia bei ya mbuzi. Alikuwa anajua habari ya ile karatasi ya mlangoni, ingawa hakujua kusoma, aliambiwa kisimani. Kuomba kibali kwa padre aliona haya. Basi akabaki nyumbani na majani ya kumwogeshea mtoto. Usiku wa tatu mtoto akapatwa na degedege, na kabla ya alfajiri akafa.

Ndugu zangu, kisa hakikuishia hapo, nanyi wenyeji wa nchi hii mnajua kinavyoendelea. Kaka zake baba wa mtoto walikwenda kwa mpiga ramli. Ramli ikamwonyesha shangazi yao, mjane, mwenye macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu moja tu: kwa miaka hamsini mama yule alipikia miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Mjukuu wake alisikia watu wakinoa mapanga, akamkimbilia. Bibi akatoroka pekupeku gizani, akafika misheni kunapambazuka. Nyumba yake waliichoma. Hakurudi tena kijijini kwake. Alikwenda kuishi kwa binti yake wilaya nyingine, na huko ndiko alikozikwa. Shamba lake wanalilima wale wale waliokwenda kwa mpiga ramli.

Asubuhi ile, nilipokuwa nikimpa chai, aliniambia, "Padre, mayu angekuwepo, yule mtoto angekuwa hai, nami ningekuwa kwangu."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda mlangoni pa zahanati nikaibandua ile karatasi. Lakini nilikuwa nimechelewa kwa watu wawili.

3. TUAMUE: NENO LA MUNGU NA MAFUNDISHO YA KANISA

Nimekitafakari kisa hicho kwa miaka mingi, nami naona mambo matatu.

Kwanza, kutibiwa ni haki ya mtu. Papa Yohane wa 23, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliorodhesha haki za mwanadamu, na matunzo ya tiba yamo pamoja na chakula, mavazi na makazi. Zingatieni kwamba aliliandika hilo katika waraka wa amani. Mwaka 1978 mataifa yaliyokutana Alma-Ata nayo yalitamka kwamba afya ni haki ya msingi, na kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga na kuitekeleza huduma yao. Haki na wajibu vimewekwa pamoja. Yule sista alitupa haki bila wajibu. Sisi wanakamati tukawadai maskini wajibu tukawanyima haki. Vyote viwili ni upungufu, ingawa upungufu wake ulitokana na upendo, na wetu ulitokana na woga wa hesabu.

Pili, pale ambapo zahanati haifikiki, ramli hufika. Tumezoea kuhubiri dhidi ya mauaji ya vikongwe, na baada ya mwaka 2007 tulihubiri pia dhidi ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambayo yaliitia aibu kanda yetu mbele ya ulimwengu. Mahubiri ni lazima. Lakini mtu aliyefiwa na mtoto anauliza swali la kweli: kwa nini amekufa? Asipopata mtu wa kumwambia kwamba ni malaria iliyopanda kichwani, au ni damu iliyokwisha, atampata mwingine wa kumwambia kwamba ni shangazi yako. Muuguzi anayekaa na wafiwa na kuwaeleza ugonjwa kwa lugha yao anafanya kazi ya Tume ya Haki na Amani, hata kama hajawahi kuisikia.

Tatu, umaskini wetu una sababu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alialikwa kuzungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwa ukali wa upendo kwamba Kanisa haliwezi kuridhika na kuwahudumia maskini tu. Lisiposhiriki katika kupambana na mambo yanayowafanya watu kuwa maskini, litaonekana kuwa upande wa dhuluma. Tazameni mkoa wetu na jirani zetu. Almasi ya Mwadui imechimbwa tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Katika machimbo madogo vijana wetu wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma karibu na mahali pa kupikia. Wanavuta vumbi la mawe, na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hushikwa upesi na kifua kikuu. Kisha wanarudi nyumbani kuuguzwa na mama zao, katika zahanati isiyo na dawa. Si haki kwamba nchi inayotoa dhahabu imngoje mgeni aandike barua Ulaya ili mtoto apate dawa ya malaria.

Wako watakaosema, "Padre, kutibu ni kazi ya Serikali." Ni kweli, Serikali ina wajibu wake, na Kanisa limeshirikiana nayo kwa muda mrefu. Bugando ilijengwa na Kanisa, ikafunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na Serikali mwaka uliofuata, ikarudishwa mwaka 1985 kwa makubaliano ya kuiendesha kwa pamoja. Mwaka 1992 Makanisa na Serikali walitia saini makubaliano juu ya huduma za jamii. Lakini Serikali na Askofu wote wako mbali na kitanda cha mgonjwa usiku wa manane. Aliye karibu ni jirani.

4. TUTENDE: DARAKA LA MWENYEJI

Nawapendekezeeni mambo manne. Yote yanawezekana bila kungoja msaada kutoka nje.

(a) Daftari liwe la wote. Kila miezi mitatu hesabu za zahanati ya parokia zisomwe hadharani: dawa zilizoingia, fedha zilizotoka, jumla ya madeni. Majina ya wadaiwa yasisomwe kamwe. Watu wakijua ukweli wa hesabu, hawatadhani kwamba dawa huota kama uyoga.

(b) Kila Jumuiya iwe na mfuko wa wagonjwa. Baada ya mavuno ya mpunga na pamba, kila kaya itoe kadiri ya uwezo wake, hata debe moja la mahindi. Mfuko huo ulipie wasioweza kabisa, na mgonjwa asijue ni nani aliyemlipia. Pamoja na hilo, kaya zihimizwe kujiunga na bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio kwa jirani zetu wa Igunga mwaka 1996. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Viongozi, isomeni, muwaeleze watu. Na kwa hali yoyote, mtoto mwenye homa na mama mwenye uchungu wapokelewe kwanza. Habari ya fedha ifuate.

(c) Msiba wa mtoto usiachwe peke yake. Mtoto anapofariki, kiongozi wa Jumuiya na muuguzi wafike kwa wafiwa siku hiyo hiyo, wakae, waeleze ugonjwa. Kama yupo bibi anayenyooshewa kidole, viongozi wamtembelee mchana kweupe, watu wote wakiona, na wasikawie kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji na polisi. Ukimya wetu ndio unaowapa ujasiri wenye mapanga.

(d) Viongozi wahudhurie mikutano ya kijiji na kuuliza maswali. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, kampuni ya madini inapaswa kuandaa mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Je, katika mpango huo zahanati imo? Kuuliza si uchochezi. Ni kazi ya raia na ya Mkristo.

Tena niseme neno kwa wazazi. Tumesomesha vijana wengi uuguzi na udaktari, na wengi hutamani mjini, au ng'ambo. Siwalaumu wote, nyumba ya muuguzi kijijini mara nyingi inavuja, na mshahara huchelewa. Lakini kama Atiman aliweza kuja kutoka Niger na kukaa Karema miaka sitini na saba, kijana wa Kisukuma hawezi kukaa Usukumani hata mitano? Tumjengee nyumba nzuri, tumheshimu, tusimwite jina baya mgonjwa anapofariki, naye atakaa.

HITIMISHO

Yule sista aliniandikia mara moja tangu alipoondoka. Aliuliza habari za watu kwa majina, na mwisho akauliza kama jokofu bado linafanya kazi. Nilimjibu juu ya jokofu. Juu ya mtoto na bibi sikumwandikia, nilikosa ujasiri. Leo nimewaambia ninyi, na baada ya kikao hiki nitamwandikia na yeye, kwa sababu ana haki ya kujua daftari lake liliishia wapi.

Ndugu zangu, Msamaria ameondoka asubuhi. Dinari mbili zipo mezani. Mgonjwa yumo chumbani, anaugua. Siku Bwana atakaporudi atatuuliza habari zake.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani anayeogopa kwenda zahanati kwa sababu ya deni au aibu? Tutamsaidiaje bila kumfedhehesha?

2. Mtoto alipofariki mara ya mwisho kijijini kwetu, ni nani aliyewaeleza wafiwa sababu ya kifo? Walimwamini?

3. Je, yuko mjane au mzee ambaye watu hunong'ona juu yake? Tumekwenda kumtembelea?

4. Ni lini tulisomewa hesabu za zahanati yetu? Kama bado, nani ataomba zisomwe, na lini?